Atakaa Angani Muda Gani?

Msomaji mpenzi, leo tuanze kwa chemsha bongo. Mtu anatoka mlangoni mwa ndege iliyo mita 4,000 juu ya ardhi. Mgongoni amebeba parachuti. Je, itamchukua muda gani kufika chini? Usikimbilie kalamu. Taja tu jibu la kwanza linalokujia.

Nimewauliza watu wengi swali hili: wanafunzi wangu, abiria wenzangu katika basi la Garsen, hata kinyozi wangu hapa Nairobi. Aghalabu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema ni sekunde chache tu, puu, kashafika! Kundi la pili husema ni nusu saa, kwa maana wamewaona warukaji kwenye televisheni wakielea kama tiara. Ukweli uko katikati. Ni kama dakika 6. Na katika dakika hizo 6, kuanguka kwenyewe hakufiki hata dakika moja.

Labda utasema, "Mwalimu, mimi ni mtu wa matatu. Mambo ya kuruka kutoka ndegeni yananihusu nini?" Ngoja kidogo. Siku hizi kule Diani, watalii na hata Wakenya wenzetu huruka wakiwa wamefungwa pamoja na mwalimu, wakashuka na kutua ufukweni. Vijana wengine huingia jeshini, na miongoni mwao wapo wanaochaguliwa kujiunga na kikosi cha askari wa miavuli cha Gilgil. Siku moja mwanao anaweza kuja sebuleni akakwambia, "Mama, nataka kuruka." Kama hujui hesabu hii, utabaki na hofu tupu, na hofu tupu haina ushauri wa maana.

Hayo ndiyo yaliyomfika dada yangu mkubwa, ambaye makao yake ni Garsen, Kaunti ya Tana River. Mwanawe wa pili aliingia jeshini, na jioni moja akampigia mama yake simu kwa furaha kwamba amechaguliwa kwenda kufunzwa kuruka kwa mwavuli. Mama mtu hakulala. Alfajiri akanipigia mimi.

"Mdogo wangu, wewe ndiwe mwalimu wa hesabu," akasema bila hata kunijulia hali. "Mtoto akitoka mlangoni mwa ndege, mpaka mguu wake uguse mchanga, ni muda gani? Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Dada, nipe dakika kumi nikokotoe," nikamwambia.

"Kokotoa," akajibu. "Lakini usinijibu kama nilivyojibiwa wakati wa mafuriko."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu nayajua yalikotoka. Mvua za El Niño za mwaka 2023 ziliposhuka, Mto Tana ulivunja kingo zake. Mtu ambaye dada alimwamini alimwambia kwamba maji yaliyokuwa yakisemwa kule juu yangechukua wiki nzima kufika kwake. Dada akapanga kuhamisha mbuzi siku ya sita. Maji yalibisha hodi usiku wa nne. Mbuzi sita walikwenda na maji, na yeye na wajukuu wawili wakatoka kwa mtumbwi wa jirani. Tangu hapo dada yangu haamini nambari moja iliyosimama peke yake kama mlingoti.

Nawe usimcheke. Sisi watu wa mtoni, Wapokomo kwa Waorma, wakulima kwa wafugaji, tumelelewa na swali la maji yatafika lini. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, kama kilomita 1,000. Unaanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unaporomoka hadi kwenye mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ukishapita Garissa unaanza kutambaa kwenye tambarare, unajipinda kama nyoka hadi Hola na Garsen, na mwishowe unaingia baharini Kipini. Ni safari moja yenye kasi mbili. Ukiipigia hesabu yote kwa kasi ya milimani, utawatisha watu kabla ya wakati. Ukiipigia yote kwa kasi ya tambarare, utawazamisha.

Mrukaji wa angani naye ni vivyo hivyo. Ana safari moja yenye kasi mbili, na wanaokosea jibu la chemsha bongo yetu ni wale wanaohesabu kasi moja tu. Wa sekunde chache wamesahau mwavuli. Wa nusu saa wamesahau kuanguka.

Basi tuikokotoe pamoja, mimi na wewe, kama nilivyoikokotoa asubuhi ile.

Kwanza ni kuanguka kabla ya mwavuli kufunguka. Vitabu vya shule hutufundisha kwamba kitu kikianguka, kila sekunde kasi yake huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde. Kama dunia ingekuwa haina hewa, mtu wetu angeshuka mita zote 4,000 kwa chini ya sekunde 29, na angefika ardhini akienda kilomita 1,000 hivi kwa saa. Lakini hewa ipo, na humsukuma kutoka chini. Kadiri anavyoongeza mwendo ndivyo inavyozidi kumsukuma, mpaka msukumo huo unalingana na uzito wake. Hapo kasi haiongezeki tena. Kwa mtu aliyelala kifudifudi hewani, mikono na miguu ameitanua, kasi hiyo ni kama kilomita 190 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya mita 50 kila sekunde.

Warukaji wana kanuni nyepesi ya kichwani. Sekunde 10 za kwanza humteremsha mtu mita 300 hivi, kwa kuwa bado anachanganya mwendo kama basi linalotoka stejini. Baada ya hapo, kila sekunde ni mita 50. Tuseme mtu wetu atafungua mwavuli akiwa mita 1,500 juu ya ardhi. Ataanguka mita 2,500. Toa zile 300 za mwanzo, zimebaki 2,200. Gawanya kwa 50, unapata sekunde 44. Ongeza zile 10. Jumla ni sekunde 54.

Pili ni kuelea. Mwavuli wa kisasa, ule wa mstatili unaofanana na godoro lililopinda, hushuka kama mita 5 kwa sekunde ukiendeshwa kwa utulivu. Mita 1,500 gawanya kwa 5 ni sekunde 300, yaani dakika 5. Ukijumlisha safari zote mbili unapata sekunde 354. Basi tuseme dakika 6, na yeyote akuulize.

Umeona sasa ni wapi muda wenyewe unakokaa? Zaidi ya nusu ya kimo imeliwa kwa chini ya dakika moja, na sehemu iliyobaki, ambayo ni ndogo, imekula dakika 5. Ndiyo maana swali muhimu si ndege ilikuwa juu kiasi gani, bali mwavuli ulifunguliwa wapi.

Dunia imetupa ushahidi mzuri wa jambo hili. Tarehe 16 Agosti 1960, Joseph Kittinger wa Jeshi la Anga la Marekani aliruka kutoka kwenye puto lililokuwa kama mita 31,300 juu. Alikaa hewani dakika 13 na sekunde 45. Tarehe 14 Oktoba 2012, Felix Baumgartner wa Austria, aliyefariki mwaka 2025, aliruka kutoka juu zaidi, mita 38,969. Yeye alifika chini kwa kama dakika 9 tu! Imekuwaje wa juu zaidi awahi kufika? Kittinger alishuka na mwavuli mdogo wa kumtuliza asizunguke, na mwavuli wake mkubwa ulifunguka akiwa bado kama mita 5,500 juu. Baumgartner aliachia mwili wake uanguke kwa zaidi ya dakika 4, akapita kasi ya sauti, na akafungua mwavuli karibu na ardhi zaidi.

Lakini mpwa wangu hakuwa akienda kuruka kama Baumgartner, wala kama mtalii wa Diani. Hapo ndipo nilipopata la kumfariji dada. Askari wa miavuli wanaoanza mafunzo hawaanguki kwa muda mrefu. Katika majeshi mengi duniani hurushwa kutoka kimo cha kama mita 300. Kamba iliyofungwa ndani ya ndege huuvuta mwavuli mara tu mtu anapotoka, hata asipogusa kitu. Kwa kama sekunde 4 mwavuli huwa umejaa hewa. Kisha hushuka mita 5 hadi 7 kwa sekunde, kwa kuwa mwavuli wa askari ni wa duara na umetengenezwa kumfikisha mtu chini upesi.

Nilimpigia dada. "Ni kati ya sekunde 40 na dakika moja," nikamwambia.

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Mbona umenipa mbili?"

"Kwa sababu moja ingekuwa uwongo, dada. Nimekupa ya chini na ya juu. Sijui rubani atakuwa kimo gani hasa, wala sijui uzito wa mzigo atakaobeba mtoto. Ukimwona amefika kati ya hizo mbili, mambo yamekwenda sawa."

"Dakika moja ni nini kwangu mimi?" akauliza tena. "Nipe kitu cha nyumbani."

Nikamuuliza mtungi wake wa lita 20 hujaa kwa muda gani pale kwenye bomba. Akasema bomba likiwa na nguvu, ni kama dakika mbili. "Basi," nikamwambia, "ukiweka mtungi chini ya bomba mtoto anapotoka mlangoni mwa ndege, atakuwa ameshatua kabla mtungi haujapita nusu. Yule wa Diani angekujazia mitungi mitatu."

Nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Halafu akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuuliza. "Na huyu wangu ni mwembamba. Si atapeperushwa?"

Swali hilo lina maana, msomaji. Chini ya mwavuli mmoja, mtu mzito hushuka haraka kuliko mwepesi. Mwembamba hukaa hewani muda mrefu kidogo, na upepo hupata nafasi zaidi ya kumsogeza pembeni. Lakini askari hubeba mzigo, na mzigo huo huongeza uzito. Pia mahali penyewe pana neno lake. Garsen iko karibu sawa na usawa wa bahari, na hewa yake ni nzito. Gilgil iko kama mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Mwavuli uleule na mtu yuleyule, akitua mahali penye kimo kama cha Gilgil, hushuka kwa kasi inayozidi ya Garsen kwa karibu asilimia 10.

Tena angalia mtego huu, maana huwanasa hata watu wazima. Kimo cha ndege kinaweza kupimwa kutoka baharini au kutoka ardhini, na mrukaji hatui baharini akiwa Nairobi. Ndege ikiwa mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, juu ya Diani iko mita 4,000 kweli kutoka ardhini. Juu ya Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700, ndege hiyohiyo iko mita 2,300 tu kutoka ardhini. Ukisahau hilo, umemwongezea mtu sekunde ambazo hana.

Na sekunde hizo si za mchezo. Mtu anayeanguka mita 50 kwa sekunde, akiwa mita 1,500 juu na mwavuli wake umegoma kufunguka, ana sekunde 30 mbele yake. Akiwa mita 300, ana 6. Ndiyo sababu warukaji huvaa kipima kimo mkononi kama saa, na ndiyo sababu hubeba mwavuli wa pili wa akiba. Tangu mwaka 1991 kuna hata kifaa kidogo kutoka Ujerumani kiitwacho CYPRES, ambacho hujifungulia mwavuli wa akiba chenyewe kikihisi kwamba mtu bado anaanguka kwa kasi naye amekaribia ardhi mno. Kwa mrukaji wa kawaida aliye peke yake, hufanya hivyo kwenye kama mita 225. Hizo ni sekunde zisizofika 5. Anayekadiria muda wake vibaya hapati nafasi ya kusahihisha.

Kuna na jambo lingine ambalo ni lazima nikuambie, kwa maana nisingelisema ningekuwa nafanya kama yule wa mafuriko. Hesabu zote tulizopiga zinadhani kwamba hewa imetulia. Hewa isipotulia, kalamu yako haina kazi. Tarehe 26 Julai 1959, rubani William Rankin wa Marekani alilazimika kujirusha kutoka kwenye ndege yake ya kivita iliyokuwa kama mita 14,300 juu, na chini yake kulikuwa na wingu la radi. Safari ambayo kwa hali ya kawaida ingechukua kama dakika 10 ilimchukua 40. Upepo uliokuwa ukipanda ndani ya wingu ulimrusha juu, ukamwachia, ukamrusha tena, katikati ya mvua ya mawe na radi. Alitua hai, lakini muda wake hakuupanga yeye. Uliamuliwa na wingu.

Tambarare ya Tana nayo hufanya vivyo hivyo. Mto ukiwa ndani ya kingo zake maji huenda kwa mwendo unaojulikana. Ukivunja kingo, maji husambaa mashambani na kwenye mikono ya zamani ya mto, yakachelewa. Lakini ardhi ikiwa imeshalowa na mashimo yameshajaa kwa mvua ya juzi, hakuna pa kuyapokea, na yanawahi. Aliyemwambia dada "wiki nzima" huenda alikuwa na hesabu nzuri ya mwaka mkavu. Kosa lilikuwa kutomwambia nambari hiyo inasimama juu ya nini, ili naye aangalie ardhi yake na kujiamulia.

Kwa hiyo nilimwambia dada na sehemu hiyo. Nikamweleza kwamba walimu wa jeshi hutazama upepo kwanza, na ukizidi, hawarushi mtu siku hiyo. Akasema, "Hilo ndilo nililotaka kusikia. Kwamba kuna mtu anayetazama."

Mpwa wangu aliruka. Jioni akampigia mama yake, na mama akamuuliza kama mkaguzi wa hesabu, "Ulihesabu?" Kijana akasema alihesabu hadi nne kama alivyofunzwa, akatazama juu, akauona mwavuli umefunguka, halafu hesabu zote zikamtoka kichwani kwa uzuri wa alichokiona. Kisha akaiona ardhi inamjia upesi kuliko alivyotarajia, akabana miguu, akabiringika kama walivyofundishwa, akasimama. Dada aliniambia, "Umesema kweli. Amesema haikufika dakika."

Ewe mzazi, na wewe mwanafunzi unayesoma gazeti hili Jumapili ya leo, mnaweza kuyajaribu haya nyumbani bila kupanda ndege. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, kwa hivyo chukueni kitambaa chepesi cha mkononi. Fungeni uzi kwenye pembe zake nne, na ncha za nyuzi zote mzifunge kwenye kijiwe kidogo. Pandeni ghorofa ya tatu, mtu mzima asimame chini kuhakikisha hakuna anayepita, kisha mkiachie. Pimeni kwa saa ya simu. Kama kimo ni mita 9 na kijiwe kimechukua sekunde 4, basi kasi yake ni zaidi kidogo ya mita 2 kwa sekunde. Sasa ongezeni kijiwe cha pili na mrudie. Kisha rudieni siku ya upepo. Andikeni majibu yote, na msifute lile linalokataa kufanana na mengine. Mara nyingi hilo ndilo linalofundisha.

Nami ningependa ubaki na maswali matatu, ambayo utayatumia hata usiporuka kamwe. Mtu akikutajia muda wowote, uwe wa mrukaji, wa mafuriko, wa ujenzi wa nyumba au wa safari ya basi kutoka Mombasa hadi Garsen, muulize: umeanza kuhesabu kutoka wapi hadi wapi? Njiani kuna kasi ngapi? Na ni kitu gani kikitokea, hesabu hii itavunjika? Akiwa na majibu, mwamini na ujipange kwa ile nambari inayokupa muda mfupi zaidi wa kujiokoa. Akiwa hana, mshukuru kwa adabu, kisha hamisha mbuzi wako leo.